Ronald Ngala na chama kilichoshindwa: somo la 1963 kwa Wapwani

Kila uchaguzi ukimalizika na matokeo yasipendeze, mabaraza ya Pwani hujaa swali moja. Chama chetu kimeshindwa, sasa kifanye nini? Wapo wasemao wajumbe waliopita wajiunge na serikali wapate angalau barabara na maji. Wengine hutaka chama kibaki, kihesabu matawi yake na kijipange kwa miaka 5 ijayo. Mara nyingi kabla hoja haijesha, chama chenyewe kimeshavunjika na viongozi wake wamehamia kwengine.

Swali hili si geni. Mpwani wa kwanza kulijibu mbele ya taifa zima alikuwa Ronald Gideon Ngala. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya barabara ya Nairobi na shule ya Mombasa zilizopewa jina hilo, lakini wachache wanajua alipanda vipi, na zaidi alishuka vipi.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 upande wa Kaloleni, katika Wagiriama. Alianza masomo shule ya misheni ya Mtakatifu Yohana hapo Kaloleni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance, halafu Makerere alikosomea ualimu. Alirudi kufundisha. Alikuwa mwalimu mkuu huko Mbale katika milima ya Taita, na baadaye Buxton hapa Mombasa, kabla ya kuwa msimamizi wa shule. Mwaka 1949 alitoa kitabu kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Basi siasa ilimkuta tayari ni mtu anayejulikana Taita, Mombasa na Kilifi, ambaye wazazi wengi walimkabidhi watoto wao.

Wakati huo, kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na chama cha nchi nzima. Hata serikali ya kikoloni ilipolegeza mkono mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya pekee. Kila mwanasiasa akajenga chake nyumbani. Hiyo ndiyo mbegu ya vyama vya kimkoa tunavyovilaumu hadi leo: haikupandwa na Waafrika wenyewe, bali na sheria iliyowakataza kukutana nje ya wilaya zao.

Mwezi Machi 1957 Ngala alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza waliochaguliwa kwa kura. Wenzake walikuwa akina Oginga Odinga, Tom Mboya, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Kati ya hao, wengine wakiwa na maneno makali zaidi, Ngala alisifika kwa upole na subira. Mwaka 1960 ujumbe wa Waafrika ulipokwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wake na Mboya akawa katibu. Mwalimu wa Kaloleni alikuwa amefika mstari wa mbele kabisa.

Mgawanyiko ulikuja mwaka huo huo. Mwezi Mei 1960 Kanu ilipoundwa Kiambu, Ngala na Moi walikuwa ng'ambo. Walipewa vyeo bila kuwapo: Ngala mweka hazina, Moi msaidizi wake. Hawakuvipokea. Jamii ndogo zilikuwa na hofu kwamba chama hicho kitakuwa cha Wakikuyu na Wajaluo, na kwamba uhuru ukija, ardhi yao ndiyo itakayoliwa kwanza. Mwezi Juni, huko Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, chama cha Muliro, chama cha Wasomali na chama cha Ngala cha Pwani viliungana vikawa Kadu. Ngala akawa rais wake.

Kwa Wapwani hofu ya ardhi haikuwa hadithi. Mijikenda wengi waliishi kama maskwota katika ardhi yenye hati za watu wengine, na bandari ilikuwa inavuta wafanyakazi kutoka bara kila siku. Ngala alitaka mamlaka ya ardhi, ajira na shule yakae mkoani. Hiyo ndiyo iliyoitwa siasa ya majimbo.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo katika familia nyingi za Mji wa Kale bado linauma. Majimbo ya Ngala hayakuwa mwambao. Ukanda wa maili 10 ulikuwa bado chini ya jina la Sultani wa Zanzibar, na wako Waswahili na Waarabu waliotaka ujitawale wenyewe au urudi kwa Sultani. Ngala aliwapinga. Kwake Pwani ilikuwa Kenya, ila Kenya ambayo haitawaliwi yote kutoka Nairobi. Mwisho wa mwaka 1961 ripoti ya Sir James Robertson ilipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya, na mwezi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Zanzibar wakakubaliana hivyo, pamoja na ahadi ya kulinda mahakama za kadhi. Kwa hivyo wapenda majimbo na wapenda mwambao, ambao wote waliogopa kumezwa na Nairobi, waliingia uhuru wakiwa wametiliana shaka. Umoja ambao ungewasaidia wote wawili haukupatikana.

Turudi kwenye kura. Katika uchaguzi wa Februari 1961, Kanu ilipata viti 19 na Kadu 11. Kwa hesabu ya kura pengo lilikuwa kubwa zaidi: Kanu kama asilimia 67, Kadu kama asilimia 16. Lakini Kanu ilikataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe, na Kadu, kwa msaada wa wajumbe wa Kizungu wa Michael Blundell, ikakubali kuiunda. Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa walowezi. Watetezi wake walisema serikali yake ndiyo iliyomjengea Kenyatta nyumba Gatundu na ndiyo iliyokuwa madarakani alipoachiliwa mwezi Agosti 1961. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Kilicho wazi ni kwamba chama kilichoshindwa kwa kura kilionja serikali kabla hakijajenga mizizi, na mazoea hayo hayakukisaidia baadaye.

Mwaka 1962, katika mkutano wa pili wa Lancaster House, Ngala alipata alichokipigania. Katiba ikagawa nchi katika majimbo, kila moja na baraza lake, na juu yake Seneti ya kuyalinda. Kenyatta na Ngala wakakaa katika serikali moja ya mseto kusubiri uchaguzi mkuu.

Uchaguzi ulifanyika Mei 1963 na Kadu ikashindwa tena, safari hii bila kisingizio. Viti vyake havikufika nusu ya vile vya Kanu. Tarehe 1 Juni Kenyatta akawa Waziri Mkuu na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Hata hivyo haikuwa hasara tupu. Kadu ilishinda baraza la jimbo la Pwani na Ngala akawa rais wa jimbo. Huko Bonde la Ufa Moi alishika nafasi kama hiyo. Kwa maneno mengine chama kilikuwa na mahali pa kusimama: kilikuwa na mabaraza, wajumbe, maseneta na katiba iliyokitambua.

Basi kilijipanga vipi? Hapa ndipo somo lilipo. Kwa miezi kama 17, kuanzia Juni 1963 hadi Novemba 1964, Kadu ilijaribu kujikusanya ikiwa inabomolewa pande tatu kwa pamoja.

Upande wa kwanza ulikuwa fedha. Majimbo yalikuwa na mamlaka kwenye karatasi, lakini hazina na watumishi wengi walibaki mikononi mwa Nairobi, na serikali kuu haikuwa na haraka ya kuyakabidhi. Rais wa jimbo asiye na pesa ya kulipia zahanati ana cheo cha jina tu.

Upande wa pili ulikuwa katiba. Mwezi Oktoba 1963, kwenye mkutano wa mwisho kabla ya uhuru, Kanu iliwashawishi Waingereza walegeze masharti ya kuibadilisha. Viongozi wa Kadu walikasirika hadi wakatishia kuigawa nchi. Tishio hilo halikutekelezwa, na kutisha bila kutekeleza kuliwapunguzia heshima. Waingereza walikuwa wameshaamua watakayekabidhi nchi.

Upande wa tatu, na ndio uliouma kuliko yote, ulikuwa wenyewe kwa wenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Chama cha Paul Ngei kilikuwa kimesharejea Kanu kabla ya uhuru, na mmoja mmoja wajumbe wa Kadu nao wakaanza kuvuka upande wa serikali. Kila aliyevuka alikuwa na sababu zake: watu wangu wanataka shule, watu wangu wanataka mashamba. Kila mmoja aliyeondoka alimfanya anayebaki aonekane mjinga.

Mwaka 1964 Kenyatta alitangaza nia ya kuifanya nchi jamhuri na kuyaondoa majimbo. Akikosa kura za kutosha bungeni, alikuwa tayari kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ngala angeweza kungoja achaguliwe kuwa wa mwisho kuvuka, au angeweza kuvuka na wote. Tarehe 10 Novemba 1964 alisimama bungeni akatangaza kwamba Kadu imevunjwa na wajumbe wake wanajiunga na Kanu kwa ajili ya umoja wa taifa. Tarehe 12 Desemba nchi ikawa jamhuri yenye chama kimoja bungeni. Mabaraza ya majimbo yakapoteza nguvu, na baada ya muda mfupi Seneti nayo ikaondoka.

Kumhukumu ni rahisi tukiwa tumekaa barazani miaka mingi baadaye. Alikuwa kiongozi wa upinzani katika nchi iliyokuwa na uhuru wa chini ya mwaka mmoja, wakati upinzani ulihesabiwa kuwa uadui. Huenda aliepusha damu. Lakini hesabu ya alichopata lazima ifanywe. Moi, aliyekuwa chini yake katika Kadu, alipewa wizara mara moja, mwezi Desemba 1964. Ngala alisubiri hadi 1966, mwaka ambao mkutano wa Limuru ulimfanya mmoja wa makamu 8 wa rais wa Kanu, yeye akiwakilisha Pwani. Alipewa wizara ya vyama vya ushirika na huduma za jamii, na baadaye wizara ya nishati na mawasiliano. Moi alikuwa makamu wa rais wa nchi mwaka 1967.

Hata ndani ya Kanu hakupumzika. Tawi la Mombasa lilijaa ugomvi wa makundi, na nguvu aliyoitumia kupigania cheo cha chama mkoani ndiyo nguvu ambayo haikutumika kudai hati za ardhi. Chama chake mwenyewe hakikuwepo tena kumkumbusha alichoahidi. Maskwota wa Kilifi na Kwale walibaki maskwota.

Mwezi Desemba 1972 gari lake lilipata ajali kwenye barabara ya Nairobi kuja Mombasa. Alifariki siku ya Krismasi, akiwa hajafika miaka 50. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia ndani ya gari na dereva akapoteza mwelekeo. Wapwani wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na nyuki wa Ngala wakawa msemo unaosikika hadi leo pale ajali inapotiliwa shaka. Mwanawe, Katana, naye alikuja kuwa mbunge na waziri.

Alichokipoteza Ngala bungeni mwaka 1964 kilirudi kwa sura nyingine katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 2010. Kaunti 47 si majimbo yale, lakini zina magavana, mabunge na mgao wa fedha uliowekwa katika katiba yenyewe, jambo ambalo Ngala hakulipata. Seneti nayo imerudi. Miaka 46 ilipita katikati. Kizazi kizima cha Wapwani kilizaliwa, kikakua na kuzeeka kikisubiri kitu ambacho babu zao walikuwa nacho kwa mwaka mmoja na nusu.

Sasa, ndugu msomaji, vyama vya Pwani vinavyokaa leo kujipanga upya baada ya matokeo mabaya vitazame hapo. Kadu haikufa siku ya kuhesabu kura. Ilikuwa hai Juni 1963, ikiwa na jimbo zima mkononi. Iliuawa na mambo yaliyofuata: kukosa fedha zake yenyewe, kutegemea wageni kulinda katiba, kushindwa kuelewana na jirani yake wa mwambao, na wajumbe kuvuka mmoja mmoja bila kudai chochote kwa pamoja. Kama Ngala angevuka na orodha iliyoandikwa ya madai ya ardhi, iliyotiwa saini na pande zote mbele ya watu wake, tungekuwa na kitu cha kumdai Kenyatta na wote waliomfuata. Alivuka na ahadi ya umoja, na umoja hauna hati miliki.

Atakayetaka kujiunga na serikali ya kesho na ajiunge. Ila kabla hajaondoka, awaite waliompigia kura, awaambie anakwenda kuwadaia nini, na kwa tarehe gani atarudi kuwapa hesabu.