Ziryab, Mwenye Udi wa Nyuzi Tano

Abul Hasan Ali bin Nafi alikuwa katika maula wa Khalifa Al-Mahdi wa Baghdad. Ziryab ni lakabu, nayo ni jina la ndege mweusi mwenye sauti nzuri. Aliitwa hivyo kwa weusi wa rangi yake na utamu wa ulimi wake.

Fani yake aliisoma kwa Is-haq Al-Mausili, bingwa wa waimbaji wa zama hizo. Al-Maqqari asimulia kwamba Khalifa Harun Rashid alipotaka kumsikia mwanafunzi huyu, alipewa udi wa mwalimu wake akaukataa, akataka ule aliouunda mwenyewe. Kwa ukubwa na kwa mti ulikuwa sawa na wa mwalimu, lakini ulikuwa mwepesi kwa kadiri ya thuluthi. Na katika nyuzi zake mlikuwa na za hariri na za utumbo wa mtoto wa simba. Khalifa alipendezwa mno. Ndipo husuda ikamshika mwalimu, akamkhiyarisha: ama ahame kwa mali atakayompa, ama akae wawe maadui. Ziryab akahama.

Alipita Qairawan, na mwaka 822 (206 Hijria) akashuka Andalus kwa mwaliko wa Amir Al-Hakam. Mara akapata khabari kuwa Amir amefariki. Alikusudia kurejea, lakini Mansur, mwimbaji wa Kiyahudi aliyetumwa kumlaki, alimzuia. Amir mpya, Abdurrahman wa Pili, akamkirimu, akamkatia dinari 200 kila mwezi.

Huko Kurtuba aliongeza uzi wa tano. Nyuzi nne za kwanza zilifananishwa na tabia nne za mwili; yeye akatia wa tano katikati, mwekundu, kwa mfano wa roho. Akaacha kijiti cha kupigia, akatumia unyoya wa tai. Akafundisha watu wengi, wakiwamo wanawe.

Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya ala hizi, wala hapa si mahali pa kuamua. Lakini sana'a ile ilibakia: Ishbilia ikasifika kwa ala zake, na Waspanyola hata leo huuita udi laúd, kwa jina lake la Kiarabu, al-ud.

Basi zingatia, ewe msomaji: hasidi alitaka kuizima taa, naye ndiye aliyeipeleka mahali ilipong'aa zaidi.