Kabla ya Simba Elsa, Joy Adamson Alijulikana kwa Maua

Ukishuka Thika upande wa viwandani, tembea kidogo hadi kwa wauza miche kando ya barabara. Utaona mmea mfupi kwenye chungu, shina limefura chini kama chupa, maua ya rangi ya waridi. Muuzaji atakwambia hilo ni waridi la jangwani. Pembeni yake kuna mwingine mrefu, majani membamba, maua karibu yafanane. Huo ni oleanda. Ukidhani ni mmea mmoja usijilaumu, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na yote miwili ina sumu. Ila wa kwanza ni wa kwetu, humea wenyewe kwenye mawe ya Isiolo na Samburu. Wa pili uliletwa na wageni.

Kuna mwanamke aliyejipatia jina Kenya kwa kazi hiyo hiyo, ya kumtofautisha ndugu na ndugu. Wewe unamjua kwa sababu ya simba. Leo mjue kwa maua.

Joy Adamson alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 huko Troppau, mji uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kwanza lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alisoma piano, akajaribu sanaa za mikono, akafikiria hata udaktari. Yaani alikuwa kama wewe na mimi baada ya fomu foo: anagusa hiki, anaacha, anashika kile.

Mwaka 1937 alipanda meli kuja Kenya. Humo melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Joy alikuwa na mume kwao, lakini ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Bally ndiye aliyempa jina Joy. Alifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa.

Sasa fikiria kazi ya Bally. Unachuma tawi porini, unalibana kati ya karatasi, linakauka. Baada ya wiki kadhaa rangi imekwisha, ua limekuwa kahawia, na ule unene wa shina umelala. Ukiwa na mimea miwili inayofanana, tofauti imeshapotea. Hapo ndipo Joy alipoingia na brashi yake. Alichora mmea ukiwa hai, rangi yake halisi, idadi ya petali, jinsi jani linavyoshika tawi.

Alipiga kambi Mlima Kenya akachora mimea ya huko juu kwenye baridi. Kule kuna lobelia mbili kubwa ambazo mgeni huzichanganya. Moja hupenda mabonde yenye unyevu, na katikati ya majani yake hukaa maji yanayoganda usiku. Nyingine hukaa kwenye miteremko mikavu zaidi, na mkungu wake wa maua umefunikwa na kitu kama manyoya marefu. Ukishaonyeshwa mara moja, huzichanganyi tena. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku Joy nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro yake.

Pengine unauliza, tofauti ndogo namna hiyo yanihusu nini? Muulize nyanya yako kuhusu mukawa, kile kichaka chenye maua meupe yanayonukia na matunda madogo yanayoiva kuwa zambarau iliyokolea. Watoto hula matunda hayo wakichunga mbuzi. Ana ndugu yake anayeitwa muricu kwa Kikuyu na olmorijoi kwa Kimaasai. Maua yake pia meupe na yananukia, matunda pia huiva zambarau, na ukivunja tawi, yote miwili hutoa utomvu mweupe. Lakini magome na mbao za muricu ndizo zilizochemshwa hadi kuwa lami nyeusi ya kupaka mishale, sumu inayosimamisha moyo wa ndovu. Angalia tawi: mukawa una miiba, muricu hauna. Kosa hapo si mchezo.

Bally na Joy waliachana, na mwaka 1944 akaolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa kaskazini. Baadaye serikali ya kikoloni ilimlipa achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao. Kisha, mwaka 1956, George alimpiga risasi simba jike, wakabaki watoto watatu, wote wa kike. Wengine wangeona simba watatu wanaofanana. Joy aliona tabia tatu. Wawili wakubwa walipelekwa Rotterdam, na yule mdogo kabisa, Elsa, akabaki. Kitabu chake kilitoka 1960, filamu 1966, na maua yakasahaulika.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Joy alijulikana kwa hasira, na aligombana mara nyingi na watu aliowaajiri. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba. Mwanzoni ilisemekana ni simba. Uchunguzi ukaonyesha ni mtu, na aliyehukumiwa alikuwa kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Jicho lililoweza kutenga lobelia na lobelia halikumsaidia kuelewana na waliokuwa karibu naye kila siku.

Michoro yake mingi ingali mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Na wewe uko Thika, mahali pazuri pa kuanzia: maji ya Chania yanashuka kutoka milima ya Nyandarua, na barabara ya Garissa inaelekea nyika kavu. Jumapili ukiwa huna shifti, toka na simu yako. Piga picha ya ua, kisha ya jani, kisha ya tawi uone kama lina miiba. Tunda usionje.