Starley: Fundi aliyeipa baiskeli umbo lake, akaijaribia na umeme

JIONI, zamu inapokwisha katika mashamba ya maua, barabara ya Moi South Lake huko Naivasha hujaa baiskeli. Nyingi ni zile nyeusi, nzito, zenye keria imara nyuma, ambazo Wakenya walizibatiza Black Mamba. Anayezitazama kwa makini huona magurudumu mawili yaliyolingana, mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na kiti kilichowekwa mahali ambapo mpandaji akisimama miguu yake hufika chini. Umbo hilo tumelizoea kiasi cha kudhani lilikuwapo tangu azali. La hasha. Lilitoka katika karakana moja ya mji wa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1885, na fundi wake alikuwa John Kemp Starley.

Starley alizaliwa mwaka wa 1855 huko Walthamstow, kando ya London, baba yake akiwa mtunza bustani. Mwaka wa 1872, angali kijana mbichi, alihamia Coventry kufanya kazi na ami yake, James Starley, ambaye hadi leo huitwa baba wa biashara ya baiskeli nchini Uingereza.

Mji huo ulikuwa umepata pigo. Kazi za kufuma utepe na kutengeneza saa, zilizowalisha watu wake kwa vizazi kadhaa, zilikuwa zimedorora. Kiwanda cha cherehani alichofanyia kazi James kiligeukia baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1860, na mafundi waliozoea vyuma vidogo wakapata riziki mpya. Humo ndimo kijana alimojifunza ufundi.

Baiskeli ya wakati huo ilikuwa kioja. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa mno, la nyuma dogo kama la mkokoteni wa mtoto, na pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mbele. Kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa ndivyo mwendo ulivyoongezeka, kwa hiyo mpandaji aliketi juu kama aliyepanda ngamia. Jiwe dogo barabarani lilitosha kumrusha kichwa mbele. Ulikuwa mchezo wa vijana wenye nguvu na ujasiri. Wazee, akina mama waliovaa magauni marefu, na mfanyakazi aliyetaka tu kufika kazini akiwa mzima, hawakuwa na nafasi.

Mwaka wa 1877 Starley alianzisha kampuni pamoja na William Sutton, mpenzi wa baiskeli wa mjini humo. Walianza kwa kutengeneza za magurudumu matatu, na mwaka wa 1883 bidhaa zao zikaanza kubeba jina la Rover, maana yake mtembezi asiyetulia mahali pamoja.

Haki itendeke hapa. Starley hakuwa wa kwanza kutumia mnyororo kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwingereza mwenzake, Harry Lawson, alikuwa amekwisha kufanya hivyo mwaka wa 1879, ila chombo chake hakikupata wanunuzi. Sifa ya Starley ni kwamba alianza na mwili wa mtu, chuma kikafuata.

Alieleza jambo hilo mwenyewe mwaka wa 1898 katika mhadhara mbele ya chama cha wasomi wa sanaa na ufundi jijini London. Alikuwa amejiuliza mpandaji akae umbali gani kutoka ardhini. Kiti kiwe wapi kikilinganishwa na pedeli, na kiweze kupandishwa, kushushwa na kusogezwa kwa kila mtu. Usukani uwe wapi ili mikono na miguu isaidiane kutoa nguvu nyingi kwa uchovu mdogo. Na mnyororo uwe na meno ya ukubwa tofauti, ili mwendo usitegemee tena ukubwa wa gurudumu.

Rover ya kwanza ya 1885 bado ilikuwa na gurudumu la mbele kubwa kidogo, lakini muda si muda aliirekebisha hadi magurudumu yakakaribia kulingana. Wengi waliicheka. Mwezi wa Septemba mwaka huo mashindano ya maili 100 yalifanywa kwa baiskeli hizo, na rekodi ya masafa hayo ikavunjwa kwa muda wa zaidi kidogo ya saa saba. Kicheko kikakoma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alileta tairi ya upepo, na mtikiso uliokuwa ukiumiza uti wa mgongo ukapungua. Katika lugha ya Kipoland, neno la baiskeli hadi leo ni rower.

Kisa kisichojulikana sana ni cha mwaka huohuo wa 1888. Starley alitengeneza chombo cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa mota ya umeme na betri. Hakikuingia sokoni kamwe. Betri za risasi za zama hizo zilikuwa mzigo wa kumchosha punda, na sheria ya Uingereza ilizuia vyombo vya mitambo kupita maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, huku mtu akitembea mbele kuonya watu. Sheria hiyo haikulegezwa hadi 1896. Kwa maoni yangu, betri ndiyo iliyomshinda zaidi, maana sheria hubadilishwa kwa kura, uzito haubadilishwi.

Starley aliaga dunia ghafla Oktoba 1901, hajafikisha hata miaka 50. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nakuru mwaka mmoja tu kabla. Waliomrithi waligeukia pikipiki, kisha mwaka wa 1904 magari, na miaka ya 1920 kampuni ikaacha baiskeli kabisa. Land Rover iliyotokea 1948, ambayo barabara za matope za Molo na Mau Narok zimeijua vyema, ni mjukuu wa karakana ile.

Huku kwetu baiskeli ilibeba maziwa, mkaa na abiria wa boda boda hadi pikipiki zilipoisukuma kando, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Sasa umeme umerudi. Olkaria, jirani na mashamba yale ya maua, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na betri ya lithiamu ya uzito wa kilo tatu hivi huhifadhi nguvu ambayo ile ya risasi ingehitaji kilo 12 au zaidi.

Fundi wa Nakuru anayetaka kuifunga mota kwenye Black Mamba kwa ajili ya mtu anayekwenda Njoro kila siku, safari ya kilomita zipatazo 20 na mpando wa karibu mita 300, hukutana na maswali ya Starley yaleyale. Akiiweka betri kwenye keria, gurudumu la mbele huwa jepesi mlimani na usukani hucheza. Mota iliyo ndani ya gurudumu ni rahisi kufunga, lakini penye mpando mrefu hupata moto. Ile inayokaa penye pedeli huvuta mnyororo na kufaidi giya. Betri hukaa vyema zaidi katikati ya fremu, chini, baina ya magoti. Keria hubaki wazi kwa mtungi wa maziwa.