Bingwa wa Kichina Aliyejua Thamani ya Pumzi

Wengi wetu tukisikia kungfu huwaza sinema na mateke ya hewani. Ni wachache wajuao kwamba mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo alikuwa Muislamu, na kwamba uzeeni alichowaachia watu si mateke bali pumzi.

Huyo ni Wang Ziping, aliyezaliwa mwaka 1881 huko Cangzhou, kaskazini ya Uchina. Alikuwa wa kabila la Wahui, ambao wengi wao ni Waislamu, na jamaa zake walikuwa waunga mifupa na mabingwa wa kupigana. Ujanani alikwenda Jinan, akawa mwanafunzi wa Yang Hongxiu, Muislamu mwenzake. Husimuliwa kwamba jitu moja la Kirusi lilijinadi Beijing kuwa halina mshindani. Wang alipojitokeza, Mrusi akaondoka pasi na kupambana. Mwaka 1928 chuo cha taifa cha kungfu kilipoanzishwa Nanjing, alipewa kuongoza idara ya Shaolin.

Nayaandika haya nikiwa Machakos. Kila alfajiri nikitoka msikitini huwaona wazee wa Kikamba wakipanda milima ya Iveti kwenda kwenye mashamba yao ya matuta, majembe mabegani, wakizungumza bila kuhema. Nilipowafuata siku moja nilisimama njiani mara tatu. Basi nikawakumbuka wenzangu wa pwani, wa rika langu, tunaokaa barazani kutwa kwa kahawa na halua. Kisukari na presha vimetuvamia, na watatu tumeshawazika.

Kwa watu kama sisi Wang alikuwa na la kufaa. Miaka yake ya baadaye aliiishi Shanghai akiunga mifupa na kutibu viungo. Huko alitunga mazoezi 20 ya kuondoa maradhi na kurefusha umri: viungo hunyooshwa polepole, na pumzi huenda sambamba na mwendo. Asili ya elimu hiyo ni ya kale. Katika kaburi la Mawangdui, la mwaka 168 kabla ya Nabii Isa, ilifukuliwa hariri yenye picha za watu wakijinyoosha namna hiyo. Na tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tatu, anatajwa kuwa ndiye aliyefundisha mazoezi ya kuiga wanyama watano.

Mwaka 1960, akikaribia miaka 80, Wang alifuatana na Waziri Mkuu Zhou Enlai kwenda Burma pamoja na wanamichezo. Alifariki 1973, umri umepita miaka 90.

Mwili ni amana, ndugu zangu. Siku hizi viti vya kusalia vinazidi katika misikiti yetu, na si wote wanaovikalia ni wakongwe. Anayeweza bado kurukuu na kusujudu aanze leo kuilinda neema hiyo, kabla magoti hayajakataa.