Fundi wa Viatu Aliyefungua Daftari Lake

Kila mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo, wazazi wengi nchini hujazana madukani kuwatafutia watoto wao viatu vyeusi vya ngozi. Watoto hao hulijua jina la Bata kabla hawajajua kuliandika, na wapo wanaodhani kwamba limetokana na yule ndege apendaye maji. Kumbe ni jina la ukoo wa mafundi wa viatu kutoka Moravia, katika Ulaya ya Kati. Mwana wa ukoo huo aliyelieneza duniani ni Tomáš Baťa.

Tomáš alizaliwa tarehe 3 Aprili, 1876, katika mji mdogo wa Zlín, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Babaye alikuwa mshona viatu, na babu zake vilevile kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1894, Tomáš, kakaye Antonín na dadaye Anna walichanga urithi walioachiwa na mama yao, wakaanzisha karakana yao wenyewe. Mwaka uliofuata walijikuta wamezama katika madeni. Kwa kuwa fedha za kununulia ngozi hazikuwapo, Tomáš aliamua kushona viatu vya turubai. Viatu hivyo vilikuwa vyepesi na bei yake nafuu, wateja wakavipenda, nayo madeni yakalipwa. Ama kweli, dhiki humfunza mtu yale asiyofunzwa na neema.

Mwaka 1904 alivuka bahari hadi Marekani, akaajiriwa kama kibarua katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, uliosifika kwa viwanda vya viatu. Hakwenda kutalii. Alitaka kuona jinsi mitambo inavyofanya kazi na jinsi kazi inavyogawanywa baina ya mikono mingi. Aliporudi nyumbani aliibadilisha karakana ya familia kuwa kiwanda, na katika Vita Vikuu vya Kwanza kiwanda hicho kikapata kazi kubwa ya kuwashonea wanajeshi viatu.

Hata hivyo, mtihani wake mkubwa ulikuja baada ya vita. Mwaka 1922, thamani ya fedha za nchi mpya ya Chekoslovakia ilipanda ghafla, bidhaa zake zikawa ghali mno katika nchi za nje, na viatu vikarundikana ghalani. Wenye viwanda wengi walifunga milango. Tomáš alitangaza kwamba bei ya viatu vyake itapunguzwa kwa nusu. Aliwaomba wafanyakazi wakubali mishahara yao ipunguzwe kwa asilimia 40, naye akaahidi kwamba kampuni itawauzia chakula na mahitaji mengine kwa nusu ya bei. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini viatu vilinunuliwa na kiwanda kikaanza tena kukua.

Lililo muhimu zaidi ni alilolifanya baadaye. Kuanzia mwaka 1924, kila karakana ya kiwanda ilihesabiwa kana kwamba ni biashara inayojitegemea. Hesabu zake zilifungwa kila wiki, na wafanyakazi waliweza kujua karakana yao imepata nini na imetumia nini. Palipopatikana faida, waligawiwa sehemu yake, nyingine wakilipwa taslimu na nyingine ikiwekwa katika akaunti zao kampunini, ikizaa riba. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ambamo vijana walifanya kazi kiwandani mchana na kusoma jioni. Zilijengwa nyumba za matofali zenye bustani, na mwaka 1927 ikafunguliwa hospitali. Tomáš mwenyewe alikuwa meya wa Zlín tangu 1923.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa baba mkali. Hakuvipenda vyama vya wafanyakazi, na kwa vile kiwanda, nyumba, duka na uongozi wa mji vilikuwa chini ya mkono mmoja, aliyekorofishana na mwajiri hakuwa na pa kukimbilia. Mtoto hamchagui mzazi wake, wala hawezi kumwondoa. Hii ndiyo kasoro ya kampuni inayojiita familia, na mwanafunzi wa historia hana budi kuiandika kando ya yale mema.

Tarehe 12 Julai, 1932, ndege aliyosafiria Tomáš ilianguka katika ukungu muda mfupi baada ya kupaa karibu na Zlín. Yeye na rubani wake walikufa. Aliacha watu zaidi ya 16,000 katika ajira yake. Nduguye wa kambo, Jan Antonín, alishika usukani. Mwaka 1945 serikali ya Chekoslovakia ilikitaifisha kiwanda cha Zlín, lakini mwanawe, Thomas, aliyekuwa amehamia Kanada, aliliendeleza jina hilo katika nchi nyingine. Hapa kwetu limejulikana kwa miongo mingi kupitia kiwanda cha Limuru.

Kwa nini tuwasimulie wanafunzi maisha haya? Kwa sababu watakapoajiriwa wataambiwa mara nyingi kwamba wote kazini ni jamaa moja. Hata shuleni kwetu maneno hayo husemwa katika mikutano, wakati mpishi na mlinzi wa usiku hawajui mapato yametumikaje, na huitwa jamaa pale tu wanapotakiwa kuvumilia. Tomáš Baťa aliwataka watu wake wavumilie mwaka 1922, na miaka miwili baadaye aliwafungulia daftari na kuwagawia faida. Atakayeambiwa kwamba yeye ni mmoja wa familia na aulize, kwa adabu, daftari liko wapi.