Jaji Aliyejenga Nyumba ya Vitabu

Mbele ya Maktaba ya Jimbo la Victoria, katika mji wa Melbourne nchini Australia, imesimama sanamu ya Sir Redmond Barry, iliyowekwa hapo mwaka 1887. Ndani ya jengo hilo hilo limehifadhiwa vazi la chuma la Ned Kelly, jambazi aliyewaua askari polisi. Mwaka 1880 watu hao wawili walitazamana katika chumba cha mahakama, mmoja akiwa juu ya kiti cha jaji na mwingine kizimbani, na wa kwanza akamhukumu wa pili kunyongwa. Jinsi walivyokuja kukaa chini ya paa moja ni habari ambayo tumeona inafaa kuwasimulia askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi.

Redmond Barry alizaliwa mwaka 1813 katika wilaya ya Cork, Ireland. Baba yake alikuwa Meja Jenerali katika jeshi la Uingereza, na kijana alikusudiwa kushika njia ile ile. Alipelekwa katika shule ya kijeshi huko Kent, akafunzwa nidhamu na usafi wa mavazi, tabia ambazo hazikumtoka maisha yake yote. Lakini aliporudi kwao mwaka 1829 hakupata kamisheni. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha tangu mwaka 1815, jeshi lilikuwa limepunguzwa, na maofisa waliobaki walikuwa wengi kuliko nafasi. Sisi tuliopita chuo cha makadeti twaweza kukisia uchungu wa kijana aliyeandaliwa kwa kazi ambayo haipo. Barry hakukaa kulalamika. Aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin, akasoma sheria, akawa wakili mwaka 1838. Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda Australia.

Asidhani msomaji kwamba twamsifia malaika. Safarini alijiingiza katika mapenzi na mke wa mtu, hata nahodha akaamuru afungiwe chumbani mwake. Baadaye aliishi miaka mingi na mwanamke aitwaye Louisa Barrow, akazaa naye watoto wanne bila ya kufunga ndoa, wala hakuwaficha, jambo ambalo katika zama zile lilitosha kumwangusha mtu mwenye cheo. Mwaka 1841 alipigana kwa bastola na bwana mmoja aitwaye Snodgrass, kwa sababu ya ugomvi wa heshima. Mwenzake alishikwa na wasiwasi, bastola yake ikalia kabla ya wakati. Naye Barry, aliyekuwa na haki ya kumlenga, akaipiga yake hewani.

Melbourne aliyoikuta Novemba 1839 ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Nchi ilikuwa ya makabila ya wenyeji wa asili, nao walikuwa wakinyang'anywa kwa nguvu. Barry alikubali kuwa wakili wao mahakamani, na mara nyingi hakulipwa chochote. Mwaka 1841 alimtetea Bonjon, mwenyeji aliyeshtakiwa kumwua mwenyeji mwenzake. Hoja yake ilikuwa nzito: kwamba watu wale walikuwa na sheria zao kabla ya Mwingereza kufika, na kwa hiyo mahakama ya Kiingereza haikuwa na mamlaka juu ya jambo lililotokea baina yao wenyewe. Mwishowe Bonjon aliachiliwa. Lakini Januari 1842, watu wawili wa Tasmania aliowatetea, Tunnerminnerwait na Maulboyheenner, walinyongwa hadharani, nao ndio waliokuwa wa kwanza kunyongwa katika mji ule. Bonjon hakuacha maandishi yake. Twazijua habari za kesi yake kwa kuwa magazeti ya mwaka ule yaliziandika na kuna waliojali kuyatunza magazeti hayo. Hapo ndipo mtu huanza kuelewa kazi ya maktaba ya serikali.

Wakati huo Barry alikuwa na vitabu vyake nyumbani, na inajulikana kuwa aliufungua mlango wake kwa vibarua na mafundi waje wavisome. Hilo alilifanya angali wakili wa kawaida, mwenye mapato madogo.

Mwaka 1851 Victoria ikawa koloni peke yake, na mwaka ule ule dhahabu ikapatikana. Watu walimiminika kutoka pande zote za dunia. Koloni lililokuwa na watu elfu 77 hivi lilipita nusu milioni ndani ya miaka kumi. Barry akateuliwa Mwanasheria wa Serikali, na mwaka 1852 akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1853 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Melbourne, cheo alichokishika mpaka kufa kwake. Mwaka huo huo serikali ilitenga pauni 10,000 za kujenga maktaba ya umma na pauni 3,000 za kununua vitabu, naye akawekwa kuwa kiongozi wa wadhamini wake.

Jiwe la msingi liliwekwa Julai 1854. Miezi mitano baadaye, alfajiri ya Desemba 3, askari wa jeshi na polisi walilivamia boma la wachimba dhahabu walioasi huko Eureka kwa sababu ya kodi ya leseni. Wachimbaji wapatao 22 walikufa, na askari kadhaa pia. Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini, wa kwanza wao kufikishwa mahakamani akiwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Barry alikuwa mmoja wa majaji waliosikiliza kesi zile, na washtakiwa wote wakaachiliwa na jopo la raia. Ilikuwa koloni lenye hasira, na katikati ya hasira ile mafundi waliendelea kupanga mawe ya maktaba.

Maktaba ilifunguliwa Februari 11, 1856, ikiwa na vitabu 3,846. Vingi kati ya hivyo Barry alivichagua kwa mkono wake mwenyewe, akiandika orodha ndefu na kuzituma London. Lakini ukubwa wa jambo haukuwa katika hesabu ya vitabu. Ulikuwa katika mlango. Kila mtu aliyetimiza miaka 14, mwanamume au mwanamke, aliruhusiwa kuingia bure, bila ya barua ya kumtambulisha wala ada, na sharti lilikuwa mikono yake iwe safi. Katika Ulaya ya siku zile, maktaba kubwa nyingi zilimtaka msomaji aje na mdhamini. Mchimbaji aliyetoka shimoni aliweza kukaa meza moja na wakili. Kwa maoni yetu Barry alikosea katika jambo moja: hakupenda hadithi za kubuni, akaziona si chakula cha akili, na rafu zilikuwa na chache sana. Baadaye alianzisha mpango wa kupeleka masanduku ya vitabu katika miji ya mashambani.

Mwaka 1869 sheria iliwataka wachapaji wote wa Victoria kupeleka maktabani nakala moja ya kila kinachochapishwa. Kwa njia hiyo magazeti ya vijiji, ratiba na vijitabu vya vyama vikawa hazina ya historia ya mahali.

Sasa tufike kwa Kelly. Oktoba 1878 Jaji Barry alimhukumu Ellen Kelly, mama yake Ned, kifungo cha miaka mitatu kwa kusaidia jaribio la kumwua konstebo. Tarehe 26 ya mwezi huo, Sajini Michael Kennedy na Makonstebo Thomas Lonigan na Michael Scanlan, waliokuwa msituni katika mavazi ya kiraia kumtafuta Ned, waliuawa kwenye kijito cha Stringybark. Genge lile lilisakwa karibu miaka miwili. Juni 1880 lilizingirwa Glenrowan, Ned akiwa amevaa vazi lililofuliwa kwa vyuma vya plau, zito kiasi cha kilo 44. Miguu ndiyo haikuwa na kinga. Hapo ndipo risasi za polisi zilipomwangusha.

Kesi ilisikilizwa siku mbili, mwishoni mwa Oktoba. Jaji aliposoma hukumu ya kifo, Kelly alimjibu kwamba watakutana huko aendako. Alinyongwa Novemba 11. Barry, aliyekuwa mgonjwa, alifariki Novemba 23, siku kumi na mbili baadaye. Watu wengi wameishikilia hadithi hiyo kama laana. Sisi twasema tu kwamba alikuwa na umri wa miaka 67 na ugonjwa wa sukari. Amezikwa Melbourne, na Louisa Barrow yupo kando yake.

Maktaba yake iliendelea kukua. Mwaka 1913 ulifunguliwa ukumbi wa kusomea wenye kuba ambalo kipenyo chake na kimo chake ni mita 34 na ushei. Chumba kimoja cha kusomea kina jina lake, na chama cha wakutubi wa Australia humtunuku kwa jina lake raia asiye mkutubi aliyezifaa maktaba. Tangu mwaka 1985 serikali ya Victoria hutoa tuzo za waandishi, zikiwemo za hadithi za kubuni, zile ambazo mzee hakuzipenda.

Mwaka 1879 Ned Kelly alikuwa amemsomea mwenzake Joe Byrne barua ndefu ya kurasa 56 aiandike, akieleza kwa maneno makali kwa nini aliwaua askari wale na akiwatukana polisi wote wa koloni. Alitaka ichapishwe, haikuchapishwa uhai wake. Mwaka 2000 barua hiyo ilitolewa zawadi kwa maktaba ya Barry. Wakutubi waliipokea, wakaiweka pamoja na kumbukumbu nyingine za jimbo, na yeyote atakaye aweza kuisoma, bure.