Kila asubuhi simba mmoja: Hokusai, buda aliyepasha mkono moto hadi uzeeni

Kama unachora nganya pale Buru, ama katuni nyuma ya daftari la hesabu, huyu buda anakuhusu. Katsushika Hokusai alizaliwa 1760 jijini Edo, siku hizi Tokyo, mashariki ya mto Sumida. Yaani Eastlands ya kwao. Unaambiwa alihama keja mara 93! Ile picha ya wimbi kubwa unayoiona kwa matisheti aliitoa akiwa ameshapita miaka 70.

Mjukuu wake alimsumbua na madeni ya kamari (eti betting ni ya juzi). Halafu 1839 keja ikashika moto, michoro kibao ikaenda.

Wee ungeweka brashi chini, si ndio? Yeye, kutoka 1842 hadi 1843, miaka 80 na ushee, kila asubuhi alichora simba mmoja. Si wa Nairobi Park, ni wale wa hadithi za China. Wino, brashi, mistari michache chap chap, hakuna kufuta. Kwake ilikuwa dawa ya kufukuza balaa la siku, lakini wewe mchoraji unajua mkono nao ulikuwa unapata moto. Akimaliza, anatupa. Inasemekana binti yake Oi, mchoraji mkali pia, ndiye alikuwa anaokota.

Hokusai alifariki 1849. Simba zaidi ya 200 bado wapo, na tarehe zao.